Nyundo Ndani ya Pamba

Mikono ya Kasimu haikuwa na kosa. Ugonjwa wake ulikuwa mdomo. Miaka ile baada ya vita vya Wazungu alikuwa fundi katika kiwanda cha pamba cha Kasongo, kwenye mashine ya kuchambua, ile yenye misumeno ya duara inayonyofoa nyuzi na kuacha mbegu. Aliifungua, akainoa, akaitia mafuta, akaifunga tena. Cheo cha fundi mkuu kilikuwa cha Mzungu mmoja aliyekaribia kurudi kwao, na meneja alikwisha kumwahidi Kasimu: msimu ukiisha salama, cheo ni chako, pamoja na nyumba ya matofali.

Nyumba hiyo ndiyo aliyoitaka kufa na kupona, kwa sababu mwenye nyumba ya kampuni aliruhusiwa kumleta mzazi wake. Mama yake, Fatuma, alibaki peke yake huko Kabambare, mjane mwenye mgongo mbovu, na bado msimamizi wa mashamba alimpimia mistari ya pamba kama kijana. Pamba ililimwa kwa amri. Aliyekataa alijua njia ya gereza.

Mara ya mwisho alipopata ruhusa ya kwenda kumwona, Kasimu alikaa mbele ya majirani, kifua kimemjaa.

"Mama, usihangaike. Pamba yote ya huku inapita mu mikono yangu. Yote!"

Mwongo mkubwa! Pamba ilipita mikononi mwa wachukuzi na vibarua, yeye alishika spana. Lakini majirani waliguna kwa heshima, na mama akalia kwa furaha.

Alipokuwa akiaga, Fatuma alimletea nyundo ya marehemu baba yake. Baba alikuwa mhunzi, na nyundo ilikuwa chuma kitupu kisicho na mpini, fupi, imemeguka pembeni pale Kasimu alipoipiga kwenye jiwe utotoni akachapwa. Katika ukoo wao nyundo ya mhunzi lazima ifike mkononi mwa mwana anayefanya kazi ya chuma. Ikibaki ndani bure, humzibia njia. Kasimu aliwaza wenzake wa kiwandani watakavyomcheka akifika na chuma cha porini.

"Nitaikamata siku ingine, mama," alisema, akaenda zake.

Siku hiyo nyingine haikufika. Msimu ulikuwa ukingoni, magunia ya Kabambare yanamwagwa, mashine ikapiga kelele ya kutisha. Cheche ziliruka na pamba ikashika moto. Walipomaliza kuuzima kwa maji na mchanga, nusu ya misumeno ilikuwa imeng'oka meno. Kasimu aliingiza mkono ndani, akatoa chuma kilichosababisha hayo yote. Alikipangusa masizi, akaona pembe iliyomeguka.

Alielewa mara moja. Mama aliisukumia katikati ya pamba yake, akaipeleka sokoni, akiamini itapita mikononi mwake kama alivyomwambia kwa mdomo wake mwenyewe.

Meneja alikuja amewiva uso.

"Hii inatoka kijiji gani? Wameitia ili kudanganya mizani! Nitakifunga kijiji kizima!"

Kasimu aliiona nyumba ya matofali, mlango wake, mama amekaa kizingitini bila jembe. Kisha akamwona mama huyohuyo gerezani, na majirani wote nyuma yake.

"Iko yangu, Bwana," alisema. "Nilikuwa nagongea nayo misumari. Nilisahau ndani ya mashini."

Alichapwa viboko mbele ya wenzake, wale aliowaogopea kicheko, na hakuna aliyecheka. Kitabu chake cha kazi kiliandikwa maneno yaliyomfungia milango ya kila kampuni. Alipokwenda kukichukua, aliikuta nyundo juu ya meza ya meneja, imekandamiza karatasi zisipeperuke. Hakuthubutu kuiomba.

Alirudi Kabambare kwa miguu. Fatuma alimpokea kwa vigelegele, akamshika mikono, akaigeuzageuza.

"Ile kitu ya baba yako ilikufikia?"

"Ilinifikia, mama."

"Si unaona! Nilisema itakufungulia njia. Njo maana wamekupa ruhusa ya kurudia." Akacheka kama msichana. "Sasa cheo wamekupa? Tunahama lini?"

Kasimu alitaka kumwambia. Badala yake aliangalia mlangoni. Nje msimamizi alikuwa amekwisha kufika na kamba yake ya kupimia. Mwanamume asiye na kazi ya kampuni alipaswa kulima, na mistari ya Kasimu ilipimwa kando ya ile ya mama yake.

"Na nyundo iko wapi?" Fatuma aliuliza, akimpa jembe kana kwamba ni la siku chache tu za ruhusa.

"Nimeiacha kule, mama. Iko kazini."

Fatuma aliridhika kabisa. Alijifunga kanga kiunoni, akatangulia shambani.