Rangi Kwanza, Paa Baadaye

Hebu niambie wewe unayesoma: ungekuwa na nyumba ya zamani, hujui paa lake limekaaje, ungeanza kwa kupaka rangi mlango? Usinijibu haraka. Mimi swali hili nimelifikiria nikiosha vyombo, nikifua, nikimgeuza mzee wangu kitandani, na kila nikilifikiria damu inanichemka. Maana hivyo ndivyo walivyolifanya jengo la bwawa la kuogelea la mtaa wetu. Walianza na rangi.

Jengo lenyewe ni la umma, limejengwa mimi bado sijaolewa. Ukiingia kuna ukumbi na kidirisha cha tiketi, halafu vyumba vya kubadilishia nguo, wanaume kushoto, wanawake kulia, vyenye mabenchi ya mbao yaliyolainika kwa kukaliwa. Unapita penye maji ya kuoshea miguu, yale ya baridi yanayokufanya uruke, ndipo unatokea kwenye mabwawa. Yako mawili. Kubwa liko chini ya paa refu la vyuma, lina ngazi, na chini yake kuna mistari ya buluu inayochezacheza maji yakitikisika. Dogo liko pembeni, kwenye chumba chake chenye dari ya chini. Maji yake yanafika kiunoni, na ukutani kuna bomba la kushikilia. Huko dogo ndiko nilikokuwa nampeleka mzee wangu.

Mzee wangu alipigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala, mkono na mguu, na ulimi nao ukawa mzito. Neno analo, namwona kabisa machoni kwamba analo, ila likifika mdomoni linakwama kama ufunguo kwenye kitasa kibovu. Anaanza "ma... ma...", mimi namalizia "maji?", naye anaitikia kwa kichwa. Ndivyo tunavyoishi, yeye anaanza, mimi namaliza.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo kule hospitali alisema atembee ndani ya maji, kwa sababu maji yanambeba mtu. Na kweli yalimbeba. Nilikuwa nakaa na taulo magotini, namtazama ameshika lile bomba, anakwenda, anarudi, midomo ameibana kama mtu anayepitisha uzi kwenye sindano. Akitoka, mguu unamsikia. Asubuhi moja alivaa soksi mwenyewe. Binti yetu akaanza kulia, nikamwambia, "Nyamaza, usimtishe baba yako akazivua."

Halafu likabandikwa tangazo: LIMEFUNGWA KWA MUDA KWA AJILI YA UKARABATI. Mimi nilifurahi, wallahi nilifurahi. Nikasema afadhali, hata vile vyoo vilikuwa vinatia aibu.

Mkandarasi aliyepewa kazi tulimpa jina mtaani, Bwana Kesho. Si mtu mkali, hapana, ana tabasamu zuri na shati lililopigwa pasi. Ila kila ukimuuliza jambo ni kesho. Akaanza na uso wa jengo. Wakapaka rangi ya maziwa, wakachora na mawimbi ya buluu. Wakaweka milango ya kioo, ile inayojifungua yenyewe ukisogea. Wakapandisha bango la herufi kubwa zinazowaka taa. Ukumbini wakatandika marumaru zinazong'aa na kuteleza mpaka fundi wao mwenyewe akaanguka na ndoo. Mwenyekiti wa kamati ya bwawa akaja na suti, akasimama mbele ya milango akapigwa picha. Milango ikawa inajifungua nyuma yake kila akijitikisa, akalazimika kusimama kama mlingoti.

Nikipita kwenda dukani nilikuwa nasimama pale uani, namuuliza Bwana Kesho.

"Habari za kazi, mwanangu. Maji lini?"

"Shikamoo, bibi. Kesho kutwa tu, tumebakiza taa."

Nyumbani mzee alikuwa ameshaanza kurudi nyuma. Mguu ukakaza. Soksi nikaanza kumvisha tena mimi, na yeye anageuza uso anatazama ukutani mpaka nimalize. Nilivumilia. Nimelea watoto, nimemuuguza mama mkwe, kuvumilia nakujua.

Kumbe hizo taa walizobakiza zilikuwa za juu ya bwawa kubwa. Fundi umeme alipanda na drili, akaibana kwenye boriti ya chuma ili atie skrubu, na drili ikazama kama kidole kwenye sabuni iliyolowa. Kipande cha chuma kikaanguka hadi ndani ya bwawa, likiwa halina maji, kikavunja vigae vipya. Mungu alisaidia hapakuwa na mtu chini. Wakagonga boriti ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, hivyo hivyo. Mvuke wa dawa ya maji ulikuwa umevila vyuma vyote, limebaki ganda.

Sasa sikiliza linaloniuma. Boriti hizo zilikuwa zimepakwa rangi mpya! Kuna mtu alipanda huko juu na brashi, akaona kutu inambanduka mkononi, akapaka juu yake, akashuka, akaenda kula.

Binti yangu ni msusi, na kwenye kiti chake cha kusukia hakuna siri inayopita isisimame. Alikuja jioni akatupa mkoba kochini.

"Mama, wanasema paa lote litolewe. Wanaziita gharama zisizotarajiwa."

"Hazikutarajiwa na nani?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Jengo la zamani, mvuke miaka yote, paa la chuma. Hazikutarajiwa na nani? Na si kulikuwa na fungu la dharura? Yule mwenyekiti alilitaja mwenyewe, nilimsikia kwa masikio yangu."

"Lilikuwepo."

"Liko wapi?"

"Umelikanyaga, mama. Ndiyo zile marumaru."

Mzee alikuwa kitini kwake anatusikiliza, mkono mzima umeshika ule mlegevu. Nikaingia jikoni nikaisugua sufuria ambayo ilikuwa safi tayari.

Basi wakaitisha mkutano wa watumiaji, palepale ukumbini. Tulimpeleka mzee kwa teksi, binti kwapa hili, mimi kwapa lile, na kwenye zile marumaru tulikwenda kama tunavuka mto. Sitaficha nilichokwenda kufanya. Nilikwenda kumrudishia mume wangu bwawa lake dogo, hata kwa kupigana. Mengine sikuwa na haja nayo.

Mwenyekiti akasimama. Akazungumza sana, akashukuru watu wengi, mwisho akafika.

"Ndugu zangu, pesa zilizobaki haziwezi kulijenga paa upya. Pendekezo la kamati ni hili. Bwawa kubwa tulifunge moja kwa moja, tulijaze kifusi. Bwawa dogo lina dari yake, ni zima, tunalimalizia na kulifungua mapema. Tunaomba mnyooshe mikono kukubali."

Vijana waogeleaji wakapiga kelele. Mama mmoja mnene anayeuza maji ya kunywa hapo nje akainuka na kiti chake.

"Si muuze hiyo milango ya kioo!"

Bwana Kesho akatabasamu. "Mama yangu, milango imeshafungwa."

"Basi ifungueni, si ndiyo kazi ya mlango?"

Watu wakacheka, lakini kicheko cha hasira, cha kupiga mapaja. Mwenyekiti akainua mikono miwili.

"Jamani, tusiwe wabinafsi. Tuwafikirie wagonjwa. Tuwafikirie wazee." Akatembea mpaka tulipokaa, akaweka mkono begani kwa mume wangu. "Shikamoo, mzee. Kama huyu mzee wetu. Yeye anahitaji nini? Bwawa dogo linamtosha kabisa, au siyo mzee?"

Nikasimama.

"Toa mkono wako hapo. Usimfanye mume wangu mwamvuli wako. Mlipaka rangi juu ya kutu, ninyi! Mtu alikuwa anavaa soksi mwenyewe huyu, sasa namvisha mimi, na ninyi mmesimama mlangoni mnapigwa picha. Tupeni bwawa dogo, leo siyo kesho, na hayo mengine mtajibu kwa waliowapa pesa."

"Ndicho tunachosema, mama," akadakia mwenyekiti, sauti tamu. "Tuko pamoja."

Nikaona mikono ya wazee wenzangu inaanza kupanda, mmoja, mwingine. Wangu nao ukapanda. Ndipo mzee wangu akaanza.

"Bwa... bwa..."

"Bwawa," nikamwambia. "Ndiyo, baba watoto. Bwawa dogo."

"Mmemsikia wenyewe!" Mwenyekiti akamgeukia karani. "Andika, wazee wanakubali."

Mzee akapiga mkono wa kiti kwa kiganja kizima, pa! "Ku... ku..."

Kijana mmoja nyuma akasema, "Mzee anataka kuku!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Sijui nilifikaje katikati ya viti.

"Nani kasema hivyo? Simama nikuone. Simama!"

Akasimama, kijana mrefu, masikio yamemshuka. "Samahani, bibi."

"Samahani umwambie yeye."

"Samahani, babu."

Nikarudi kwa mzee. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji, mshipa wa shingo umesimama. "Ku... ku..."

"Kurudi? Unataka kurudi nyumbani? Twende basi, tumeshamaliza na hawa..."

Akanishika kifundo cha mkono, kwa nguvu ambayo sikujua kama bado anayo, akanivuta chini kwenye kiti. Binti yangu akaniinamia sikioni.

"Mama, mwache. Usimmalizie."

Nikafunga mdomo. Wewe hujui kazi niliyoifanya kufunga huo mdomo. Hata wale vijana wakasogea mbele kusikiliza. Bwana Kesho akatazama saa yake, yule mama wa maji akamwambia, "Ishushe hiyo saa." Milango ya kioo ikajifungua yenyewe, ikajifunga.

"Ku... bwa," akasema mzee.

Mwenyekiti akacheka kidogo. "Kubwa? Hapana, mzee wangu. Lile ni refu, utazama. Hali yako..."

"Mtu huyu alikuwa anaogelea lile kubwa wewe bado hujaota ndevu," binti yangu akamkata. "Mwache aseme."

Mkono wangu wa kura, ule ambao mzee hakuushika, ulikuwa bado juu, nilikuwa nimeusahau. Nikaushusha. Wazee wenzangu waliponiona wakashusha na wao, mmoja, mwingine, na karani akabaki ameshika kalamu.

Mzee wangu hakumtazama mwenyekiti, hakunitazama na mimi. Alitazama ule mlango wa ndani, wa kwendea kwenye maji, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuruka.

"Nimecho... nimechoka kutembea," akasema. "Nataka kuogelea."