Madaftari ya Pindo

Mkono wa mashine ya kukatia karatasi ulikuwa juu, nami nimeushika tayari kuushusha kwa uzito wangu wote, nilipoiona sentensi yangu. Sisemi iliyofanana na yangu. Ilikuwa yangu hasa, ile niliyohangaika nayo Jumanne nzima ya mvua mwaka mmoja nyuma: *Ukungu ulishuka darajani taratibu, kama shuka linalotandikwa juu ya mgonjwa.* Sasa ilikuwa mbele yangu kwa mwandiko wa mkono, herufi kubwa kama punje za maharage, maneno matatu kila mstari, wino mweusi uliopenya hadi upande wa pili wa karatasi.

Niliuachia mkono wa mashine polepole, kama mtu anayefunga mlango akiogopa kuamsha watu.

Mwenye madaftari alikuwa ameketi kwenye benchi karibu na mlango, mkoba mapajani. Mjomba wangu, mwenye duka, ndiye aliyempokea. Alimwambia arudi saa kumi. Yeye akajibu kwamba ametoka mbali, saa nne za barabara, na kama benchi halina mwenyewe atasubiri hapohapo. Madaftari yalikuwa matano, makubwa, yamefungwa pamoja kwa ukanda wa kitambaa uliopindwa vizuri kingo zote mbili. Alitaka yawe kitabu kimoja. Kwa uzi, alisisitiza, gundi hataki.

Nilimtazama. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mikono yake imekunjamana kuliko uso, kama mikono inayoishi kwenye mvuke. Sikuwa nimewahi kumwona. Lakini nilijua ni nani.

*

Kabla ya hapo kulikuwa na kundi.

Lilianza kwa hasira, kama mambo yangu mengi. Mwenzangu mmoja chuoni aliniambia majoka hayawezi kuzungumza Kiswahili. Yakifungua mdomo tu watu watacheka. Nilikuwa nimeshikwa na riwaya moja ndefu ya vitabu saba iliyoandikwa kwa lugha ya mbali, hadithi ya daraja lililozama kwenye ukungu na watu waliotakiwa kulivuka. Wikiendi ile ile nikaitafsiri sura ya kwanza, joka likanguruma Kiswahili safi, nikaitupa mtandaoni. Hakucheka mtu. Walioniandikia waliuliza jambo moja tu: ya pili lini?

Ndani ya miaka mitatu tukawa arobaini na mmoja. Hatukujuana nyuso. Kulikuwa na daktari wa mifugo tuliyemwita Tabibu wa Majoka, ambaye alitueleza kwa uzito kabisa joka lenye homa hupimwa wapi joto. Kulikuwa na mwokaji mikate aliyekuwa akisoma huku akisubiri unga uumuke, na sote tulijua mkate ukiungua kwake basi sura ilikuwa nzuri. Kulikuwa na Jivu, karani wa bima, hodari wa kubashiri na mwepesi wa kuchoka. Mimi nilikuwa Mlinda Daraja, kwa sababu nilifungua mlango wa sura mpya kila Jumamosi saa kumi jioni.

Mjomba hakuelewa. Cheti changu cha stashahada ya lugha alikitundika mwenyewe juu ya printa, ili wateja wajue kuwa makosa hayatoki kwetu, kisha akawa ananicheka chini ya cheti hichohicho. Aliniita mpishi wa wali wa watu asiowajua, tena anayepeleka sahani hadi mlangoni. Nikamwambia angalau wao wanasema asante.

Kundi lilikuwa na sheria moja. Katika hadithi, wanaovuka daraja huhesabiana ndani ya ukungu, na hakuna anayekanyaga ubao unaofuata mpaka wa nyuma kabisa aitike. Mlinda daraja huvuka mwisho. Tukaichukua ikawa yetu: ukimaliza sura unaandika neno moja, *Nimevuka*, na sura mpya haifunguliwi mpaka wote waandike. Mimi huandika langu baada ya wote. Niliitunga sheria hiyo mwenyewe na nikaionea fahari. Katika dunia ya watu wanaosukumana, sisi arobaini na mmoja tulingojeana.

Na kila mara tuliyemngojea alikuwa Pindo.

Zamani hakuwa mzito. Vitabu sita vya kwanza alisoma kama wengine. Kufika cha saba akaanza kuchelewa, siku tatu, kisha wiki, kisha siku kumi na mbili kwa sura moja. Jivu alisema huenda anaisoma kwa kuilamba. Pindo hakujitetea. Aliandika *Nimevuka, samahani wenzangu*, na chini yake maoni marefu ambayo, nakiri sasa, ndiyo yaliyokuwa bora kuliko ya wote. Sana sana alipomzungumzia Mshonaji, yule bibi wa hadithini anayemshonea kila mvukaji joho la kumkinga na ukungu, bila mwenyewe kuwa nalo. Pindo alikuwa na swali moja aliloliuliza kila baada ya sura: nani atamshonea Mshonaji?

Halafu akanisahihisha.

Nilikuwa nimeandika kwamba Mshonaji alianza na bitana, kisha akaunganisha mabega. Pindo akaandika, kwa adabu zote: "Mlinda Daraja, mtu akianza na bitana kabla ya mabega, joho litavuta. Mshonaji asingefanya hivyo hata akiwa na homa." Nikarudi kwenye kitabu. Alikuwa sahihi, nilipindua sentensi kwa uvivu. Watu walicheka mwezi mzima. Tabibu akawa ananisalimu, habari za bitana. Nilicheka nao, na vidole vyangu kwenye simu vilikuwa baridi.

Ikabaki sura moja. Ya mwisho wa yote, miaka mitatu ya Jumamosi. Nilikuwa nimeimaliza, nimeisafisha, ipo tayari. Arobaini tulikuwa tayari. Pindo hajavuka sura iliyotangulia. Wiki moja, mbili. Siku ya kumi na tisa Jivu akaniandikia pembeni: "Watu wazima arobaini tumekalishwa na mtu mmoja. Mtoe tu, hesabu itimie."

Namba ya Pindo nilikuwa nayo. Ningeweza kumpigia. Sikupiga. Nilijiambia kundi ni la wote, haki ya wengi izingatiwe, maneno makubwa ya namna hiyo. Nikaligusa jina lake, simu ikaniuliza kama nina uhakika, nikaijibu kwamba ninao. Kisha nikaandika kwamba wote wameshavuka, nikaandika *Nimevuka* yangu haraka haraka, na Jumamosi saa kumi nikaufungua mlango.

Ilikuwa sherehe. Mwokaji aliunguza mikate yote. Hakuna aliyeuliza Pindo yuko wapi, na hilo ndilo nililofurahia na ndilo lililoanza kuniuma. Mwezi uliofuata ujumbe ulipungua. Wa pili ukakauka. Nilidhani kundi limekufa kwa sababu hadithi imeisha. Hivyo ndivyo nilivyojieleza, na maelezo yangu huwa mazuri. Nina stashahada yake.

*

"Karatasi zimekataa kukatika?" Mjomba aliuliza kutoka kwenye mashine ya fotokopi.

Nilimwambia nataka kumwuliza mteja jambo. Nikaliinua daftari la tano, nikaenda nalo hadi kwenye benchi. Lilikuwa limeandikwa hadi katikati. Kurasa zilizobaki zilikuwa nyeupe, na juu ya ule wa kwanza mweupe kulikuwa na kichwa tu: *Sura ya Mwisho*, ile ambayo mmoja tu kati yetu hakuipata.

"Dada," nikasema, "wewe ndiye Pindo."

Alinitazama bila mshangao. "Na wewe ndiye Mlinda Daraja. Ulituambia kundini unafunga kwa uzi, ukataja na mtaa. Nikasema kama ni kufungwa, kifungwe na aliyekiandika."

Niliketi, na benchi likalia.

Alinieleza bila haraka, kama anavyofanya kila kitu. Anapiga pasi mashuka ya hospitali, zamu ya asubuhi. Msomaji hasa ni mama yake, fundi cherehani aliyeshona miaka arobaini. Vitabu sita mama alisoma mwenyewe kwenye simu ya binti. Kisha macho yakaanza kufunga, mwanga wa simu ukawa unamchoma. Kusomewa hataki, anasema kitabu ulichosomewa ni kama nguo uliyovalishwa. Wakajaribu herufi kubwa za mashine, akasema zinamkimbia. Mwandiko anaoushika ni mmoja, wa binti yake, kwa kuwa ndiye aliyemfundisha kuuandika. Kwa hiyo kila sura Pindo aliinakili kwa kalamu nene, mchana baada ya kazi, na akasubiri mama amalize, ndipo aandike *Nimevuka*.

"Asingevuka yeye, ningevukaje mimi?" alisema.

Zile siku kumi na tisa walikuwa wodi ya macho. Simu yake ilikuwa kabatini nyumbani.

"Nilipoiwasha nikakuta nimetolewa. Nikajua umekasirika kwa lile la bitana. Nikamwambia mama, ona sasa, kidomo chako. Maana lile lilikuwa lake."

Ningeweza kumwambia hapana. Neno lilikuwa tayari mdomoni, limenyooshwa pasi. Niliangalia mikono yake.

"Nilikasirika, dada," nikasema. "Ni kweli. Na nilitaka Jumamosi yangu. Nisamehe."

Alilichukua daftari la tano mikononi mwangu, akalifungua kwenye ukurasa mweupe.

"Daktari anasema jicho lililobaki lina wiki sita, labda nane. Sikuja kugombana, mdogo wangu. Nimekuja na kitabu kisicho na mwisho. Kila siku ananiuliza kama yule bibi ameshashonewa."

Nilisimama niende kumchapia sura palepale, kisha nikakumbuka herufi zinazokimbia. Nikamwomba aniachie madaftari. Sura ya mwisho nitaiandika mimi, kwa mkono, kwa mwandiko wake. Yeye ingemchukua siku kumi na mbili baada ya kazi, na mimi nilikuwa na deni la siku hizo.

"Mama atajua."

"Akijua, atanisahihisha. Ameshazoea."

Hapo ndipo alipocheka, kidogo, kwa pua. Akafungua mkoba, akanipa kalamu. "Alama ya kuuliza ninaifunga chini kama ndoano," alisema. "Usisahau. Bila hiyo anapotea."

*

Ilinichukua siku tisa. Nilijifunza *k* yake yenye mguu uliorefuka, na *a* inayoachwa wazi juu. Nilidhani nitakimbia, kila nilipokimbia herufi ziliinama, nikachana ukurasa. Mjomba alipita mara kadhaa akinichungulia, hakusema kitu cha wali. Siku ya nne aliniletea kiti chenye mgongo.

Kwa mara ya kwanza niliisoma sura ile. Nilikuwa nimeitafsiri, nimeisahihisha, nimeisherehekea, ila kwa maneno matatu kila mstari hakuna pa kujificha. Nilikuta mahali pawili ambapo nilikuwa nimepindua sentensi kwa uvivu. Nikazinyoosha. Wale arobaini waliisoma ikiwa na makosa. Aliyeipata sawa ni mmoja.

Nilikifunga kitabu kwa uzi, mashimo saba, fundo ndani. Jalada nililivika kitambaa, na ule ukanda wa Pindo nikaushona uwe alama ya kurasa. Kikawa kinene kama tofali. Nilikituma kwa basi la asubuhi. Kisha nikaingia kwenye lile kundi lililokauka na kumrudisha Pindo. Nikaandika mbele ya wote kwamba mwaka jana nilidanganya: hatukuwa tumevuka sote, mmoja nilimtoa mwenyewe, na *Nimevuka* niliyoandika siku ile naifuta. Tunangoja.

Hakuna aliyejibu. Siku ya tatu Tabibu akaandika: *Tunangoja.* Baada yake mwokaji. Baada yake, sijui kwa aibu au kwa nini, Jivu. Kufikia Ijumaa walikuwa thelathini na saba, watu waliomaliza kitabu zamani, wameketi tena kwenye ukungu.

Sasa ni miaka mingi. Duka ni langu, mashine ya kukatia imebadilishwa mara mbili, na majoka siku hizi yanazungumza Kiswahili kila mahali bila mtu kushangaa. Nimetafsiri vitabu ambavyo jina langu limechapwa juu yake. Bado ninapofika mwisho wa sura mkono wangu huchelewa kidogo, ukisikiliza nyuma.

Ule ujumbe tuliokuwa tukiungoja ulifika wiki ya tano, Jumamosi, saa kumi na dakika chache. Nilikuwa kaunta, nikimhesabia mtoto wa shule bahasha.

*Nimevuka, samahani wenzangu. Mama naye amevuka, jana mchana, dirishani. Alijua kuanzia ukurasa wa pili kwamba mwandiko si wangu. Anasema mwambieni Mlinda Daraja kwamba mshono unavuta kidogo mabegani, ila umeshika.*

Nilimkabidhi mtoto bahasha zake. Nikasubiri hadi wote walipomsalimu, mmoja mmoja. Kisha nikaandika langu.