Shingo ya Jogoo

…na majivu, ndiyo, majivu hakusahau, amempaka chini ya mbawa zote mbili kama alivyofundishwa, ili anuke jiko la nyumba hii na kuku wasimkatae, basi kimebaki nini ila kuinama na kumwingiza bandani, jambo la kufumba na kufumbua, lakini Agar amesimama pale pale mlangoni, jogoo mgeni kwapani, na vidole vyake, hata hakuviona vilipofika huko, vimemzunguka jogoo shingoni. "Yaya Agar, umuingize sasa, giza inakuya, kesho kuku zitaamuka naye kama wa siku zote," anasema Joyeuse, jirani yake, anayemwita yaya, dada mkubwa, toka upande wa pili wa ua, mwanamke mwema, ndiye aliyemleta jogoo huyu toka Lubero juu ya magunia ya viazi, amechoka kuona kuku wanne wakitaga mayai yasiyoanguliwa, miaka miwili bila kifaranga, na nyumba kimya, sahani moja, kijiko kimoja… kesho ataamka, na akiamka atawika, hilo ndilo Joyeuse halijui, kwamba si kuku wanaomwogopa. Jogoo wa kwanza alikuwa mwekundu, wa mumewe Melchior, aliyekataa kumwacha siku waasi walipoanza kupigana wao kwa wao, na watu wa Butembo wakakimbilia mashambani, wengine wanabeba magodoro, yeye jogoo ndani ya kapu, mpaka Vuhovi, wakamcheka njia nzima… wakajificha migombani, unga ukaisha, Melchior akasema anarudi mjini, nyumbani Kimemi, kuutafuta, "Asubuyi na hii ukungu sitaona njia, lakini sauti ya jogoo yetu miye najua, akiwika tu, nitafika," akaenda, masikini Melchior wa watu, hata koti hakuchukua. Na alfajiri buti zikapita njia ya chini, nyingi, na Kilingala cha wenye bunduki, na jogoo akanyoosha shingo, akavuta pumzi, na mkono wa Agar ukaenda wenyewe… buti zikapita, wanawake wenzake mafichoni wakamshukuru, jogoo wakamchoma, wakamla, Agar akala pia, na ukungu ukakaa mpaka saa nne, na Melchior hakufika, siku ile wala ya pili, na shemeji yake Siméon alipouliza alimwambia jogoo aliibwa, akalirudia hilo kwa kila mtu hata akawa anamlaani mwizi kwa moyo wote, mwizi, mwizi gani, ni mkono huu huu, na Melchior pengine alikuwa amesimama karibu kabisa, ng'ambo ya kijito, unga begani, kichwa ameinamisha, anasikiliza… "Uko unaogopa nini, yaya?" "Hapana kitu," anasema Agar, na chini ya vidole vyake koo la jogoo linameza, lina joto, halijui lolote. Miaka miwili hajamlilia Melchior, maana kumlilia ni kumzika, na kesho huyu atawika na mlango hautagongwa, anajua, sasa anajua, na atalia mpaka Joyeuse aruke ua kuuliza kuna nini, na atamwambia, yote, hata ile nyama. Vidole vinalegea, kimoja, kingine, na bado amesimama mlangoni na jogoo kwapani, na giza linaingia, basi awike, amechelewa miaka miwili, lakini awike.