Kitufe cha Kufungulia Ukuta

Jumatatu alasiri, katika chumba kilichoko juu ya duka la vifaa vya ujenzi pale Ukunda, Hasina aliandika programu yake ya kwanza kwa lugha ya JavaScript. Kazi yake hasa ilikuwa kupaka hina. Maharusi wengi wa Diani na Msambweni walikuwa wamempa mikono na miguu yao akaijaza maua, na watalii nao aliwachora vifundoni. Watalii walipopungua alijiandikisha kwenye mafunzo ya bure ya kompyuta, akachagua kiti cha mbele.

Mwalimu wao, Timothy, alikuwa kijana wa kutoka Kitale. Siku hiyo aliwataka watengeneze kitu kidogo kinachobadilika kikibonyezwa. Mmoja alitengeneza taa, mwingine mwavuli. Hasina alitengeneza ukuta. Ulikuwa mstatili wa kijivu, na chini yake kitufe kilichoandikwa Fungua. Kikibonyezwa, ukuta ulitakiwa ugawanyike katikati.

Alibonyeza. Ukuta ukakaa vilevile.

"Error iko hapa, madam," alisema Timothy. "Huku juu umeandika fungua na herufi ndogo, huku chini umeweka kubwa. Hii lugha inaona ni vitu viwili tofauti."

Hasina alisahihisha. Bado. Kulikuwa na mabano aliyoyafungua bila kuyafunga. Wenzake walikuwa wameshabeba mikoba yao na kushuka ngazi. Yeye aliupitia kila mstari kwa ncha ya kidole, bila haraka, mpaka akayaona mabano yenyewe, akayafunga. Alipobonyeza tena, mstatili wa kijivu uligawanyika. Timothy akamhamishia programu ile kwenye simu ili akawaonyeshe watu wa nyumbani.

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya hoteli. Zamani uwanja wao ulifika mpaka mchangani. Kisha akaja mwenye hoteli na hati ya kumiliki ardhi, ukajengwa ukuta, nao ukapita kati ya nyumba na kaburi la Alfani, baba yake Hasina. Hati ilisema ardhi ile haikuwa na makaburi. Tangu hapo mama yake, Mbodze, alikuwa akimsomea mumewe Yasini akiwa upande wa huku, ameelekea ukutani.

"Mama, hebu bonyeza hapa," Hasina alimwambia.

Mbodze alikipangusa kidole kwa leso, akabonyeza. Ukuta wa kwenye simu uligawanyika. Ule wa hoteli nao ukagawanyika, mawe haya yakaenda kulia na yale yakaenda kushoto, bila kutoa vumbi. Pengo lilimtosha mtu mmoja. Upepo wa bahari ukaingia uani na kuzipepea nguo zilizoanikwa.

"Imefanya kazi," alisema Hasina.

"Ningoje nivae buibui," alisema mama yake.

Kaburi lilikuwa palepale, na mawe yake mawili ya matumbawe, moja kichwani na moja miguuni. Hoteli ilikuwa imeotesha nyasi juu yake na kuweka kitanda cha kuotea jua. Mgeni mmoja alikuwa amelala hapo akisoma kitabu. Mbodze alimwamkia kwa adabu, naye akakivuta kitanda pembeni. Mbodze akaketi, akasoma Yasini yote, kisha akampa mumewe habari za nyumbani: nani ameoa, nani ametangulia mbele ya haki, mnazi gani umeanguka. Hasina alisimama nyuma yake. Hakuwa amemsikia mama yake akizungumza kwa muda mrefu namna ile tangu msiba. Ilimbidi ageuke atazame bahari kidogo.

Walipotoka ndipo Hasina alipotambua kwamba hakuandika namna ya kufunga. Mbuzi wa jirani walikuwa wameshaingia na walikuwa wakila maua ya hoteli. Chirau, kijana wa mtaa ule aliyekuwa askari wa hoteli, aliwatoa mmoja mmoja.

"Shikamoo, mama. Huu ukuta mumeufungua nyinyi?"

"Marahaba, mwanangu. Ni Hasina."

"Basi meneja anamwita."

Meneja aliitwa Joan. Alimkaribisha Hasina kiti, akamwagizia maji baridi.

"Dada, kufunguka si shida," alisema. "Shida ni kwamba haujifungi. Mimi hapa nina wageni, nina mambo ya usalama. Utarekebisha lini?"

"Kesho nina darasa," Hasina alijibu.

Kesho yake Timothy alifundisha maneno ya sharti. Hasina aliandika kwamba kama ukuta umefungwa, ufunguke. La sivyo, ujifunge. Alikosea, akafuta, akaandika tena, na magharibi ilipoadhiniwa ukuta ukarudi kuwa mzima. Timothy alifurahi. "Niliskia imework hadi kwa ukuta yenyewe," alisema, kisha akaenda kumsaidia yule wa mwavuli.

Kuanzia hapo Hasina alibonyeza kila siku baada ya swala ya alasiri. Majirani waliokuwa na watu wao waliozikwa upande ule walikuja na udi na chupa za marashi, wakapanga foleni, kwa kuwa pengo lilipitisha mtu mmoja tu. Jirani mmoja, Warda, alikuwa na kaburi la mtoto wake kule, chini ya sehemu ya kuchomea nyama. Aliwaomba wapishi wasogeze jiko. Walilisogeza.

Baada ya muda Joan alimleta mpima ardhi. Mpima alinyoosha utepe, akapima pengo, akatoa maelezo yake: ukuta ni wa hoteli, na pengo limo ukutani, kwa hiyo pengo nalo ni la hoteli. Joan aliyapokea maelezo hayo, na siku iliyofuata akaja na mikanda ya mkononi ya rangi ya buluu, ile wanayovaa wageni wa kutwa.

"Tumeona tuwape heshima ya wageni," alisema. "Kila anayepita avae huu."

Mbodze alivaa mkanda wa buluu akaenda kwa mumewe.

"Na siku za harusi ufukweni," Joan alimwambia Hasina, "unaweza kuiandikia hiyo programu yako isifungue?"

"Naweza, lakini sitaandika hiyo," alijibu Hasina. "Dada Joan, unawaona watu wanawasomea wazee wao. Makaburi unayaona. Basi hati isahihishwe."

Joan alitazama foleni. "Naamini kabisa. Naona kwa macho yangu. Lakini hati haijasema hivyo."

Mbodze alikuwa amemaliza dua. Alipapasa nyasi kandokando ya kaburi kwa kiganja, kama mtu anayetandika mkeka. "Mimi mtanilaza hapa," alimwambia binti yake.

"Pole sana, mama," alisema Joan, na sauti yake ilikuwa ya huruma kweli. "Hapo patachimbwa bwawa la watoto. Ramani imeshapitishwa."

Hasina alimshika mama yake mkono wakarudi uani. Asubuhi alikuwa wa kwanza kufika darasani.

"Mwalimu, kuna namna ya kuandika kitu kisibadilishwe tena?"

"Iko," alisema Timothy. "Mbele yake unaweka neno const. Ukishakipatia jina na thamani, imetoka hiyo. Mtu akijaribu kuandika juu yake, programu inagoma."

Hasina aliandika neno hilo mpaka vidole vikalizoea. Alasiri aliketi uani, mgongo ukutani, simu mapajani. Upande wa pili mafundi walikuwa wakigongomea vigingi vya bwawa, na mshindo ulimfikia mgongoni. Aliandika mstari ulioanza na const, akahakiki herufi kubwa na ndogo, akafunga alama za nukuu.

Mama yake alitoka nje, akaketi kando yake.

"Umeandika nini?"

"Jina la baba, na mahali alipolazwa."

"Soma."

Hasina akasoma. Mbodze alisikiliza mpaka mwisho, akauvuta mtandio wake mabegani.

"Andika na langu," alisema. "Chini yake."

Hasina akaanza mstari wa pili.