Salamu ya Kuchuchumaa

Mwalimu Baltazari alipigana vita Burma, akarudi Mpanda kutugeuza sisi watoto wa bwenini kuwa askari wake. Kwetu Mpimbwe mtoto husalimia wakubwa akichuchumaa na kupiga makofi polepole. Siku ya kwanza nilipomsalimia hivyo, alinitandika viboko mbele ya wenzangu.

"Evodi, mguu sawa! Kuchuchumaa ni kwa chooni!"

Adabu ya mama yangu, jamani, aliipeleka chooni! Ningefanya nini, mtoto wa watu? Nikazoea.

Likizo ilipofika nilimkuta baba uani. Nilitaka kuchuchumaa, haki ya Mungu, lakini visigino viligongana vyenyewe, mikono ikaganda mbavuni.

Baba alinitazama, kisha akageukia jikoni.

"Mama Evodi, mletee mgeni kiti."