Mama Haonji

Binti ndiye aliyewaita watu wa televisheni, wale wa kipindi cha kufufua migahawa inayokufa. Wateja walikuwa wameadimika hadi nzi nao wamehama, na hakutaka kumwona Mama akifunga mgahawa alioujenga kwa jasho lake.

Mpishi mashuhuri wa kipindi, ambaye watazamaji wamembandika jina la Mkombozi, alionja mchuzi, akautema kwenye sinki.

"Mama, huu si mchuzi. Ni maji ya bahari!"

"Bahari gani, baba? Mwanangu kaonja, kasema mtamu."

"Na wewe mwenyewe?"

"Nimeonja, ndiyo."

Mkombozi akajaza mabakuli mawili. Moja akalitia siki kwa siri. "Haya, lipi lina siki?"

Mama akaonja hili, akaonja lile, akarudia. Kisha akafanya jambo ambalo binti alikuwa akiliona kila siku bila kulitambua: akainua macho, akautazama uso wa mwanawe.

Binti akafa ganzi. Ndiyo maana kila sufuria ilipitia kwake kwanza! Naye, kwa kuogopa kumvunja mzazi wake moyo, alikuwa akitabasamu tu na kusema tamu. Kumbe tabasamu lile ndilo lililokuwa likipika.

"Mama... huonji?"

"Tangu ile homa," Mama alinong'ona. "Chumvi, sukari, vyote kama karatasi. Ningesema, nani angekula kwangu?"

Mwongozaji wa kipindi akapiga makofi kutoka mlangoni. "Safi sana! Ila taa ilizimika kidogo. Dada, shtuka tena, weka na mkono mdomoni. Mama, ukipata chozi, usilifute."

Binti hakuamini masikio yake. "Nishtuke tena? Huyu ni mama yangu!" Akaking'oa kinasa sauti kilichobanwa kwenye kola yake.

"Acha, mwanangu."

"Dunia nzima itajua, Mama!"

"Si wewe uliyeiita? Sasa imefika, tuikaribishe." Mama akaigeukia kamera. "Jamani, silii na sirudii. Ulimi wangu umekufa, mikono bado mizima. Namtaka mtu wa kunionjea asiyenionea huruma."

Mkombozi akasogea.

"Si wewe, baba. Wewe unatema ovyo." Akamkabidhi binti kijiko. "Ukinichekea, nakufukuza kazi."

Binti akaonja. "Chumvi imezidi, Mama. Haumezeki."

Mama akashika ukingo wa meza kama aliyesukumwa. "Imezidi kiasi gani?"

Binti alitafuta neno la kumweleza chumvi mtu asiyeisikia, akalikosa. Akashika sufuria kubwa kwa vitambaa viwili, akaanza kumimina mchuzi kwenye sinki.

"Hee!" Mama alisema. "Wote?"

"Wote, Mama."