Kiatu Kisichouma

Mteja akiingia dukani na kujitapa kwamba ni mzoefu, dada wa vipimo humtazama vifundo vya miguu kwanza, uso baadaye. Uso unajua kuongopa, wewe! Kifundo hakijui. Miaka kumi na miwili alikuwa akiuza viatu vya magurudumu, tena si vile vya kukimbilia barabarani, bali vile vigumu vya watu wasiojipenda, wanaoruka ngazi na kuteleza juu ya mabomba ya chuma huku mama zao wako nyumbani hawana habari. Wateja walimbandika jina la Dada Kipimo, likamkaa.

Asubuhi hiyo alikuwa na karani mmoja wa bima, tai shingoni, kidole kimeelekea rafu ya juu kabisa.

"Nataka vile vyeusi," akasema karani.

"Umeanza lini?"

"Zamani."

"Zamani ya lini, kaka yangu?"

Karani akakohoa. "Huu mwezi wa pili."

Haya sasa. Dada Kipimo akavuta pumzi, akashusha pea ya rafu ya chini, akaanza somo lake ambalo angeweza kulitoa akiwa usingizini. Anayeanza anataka kiatu chenye shingo ndefu imshike kifundo, laini ndani, kipana kidogo kwa sababu mguu mgeni huvimba. Magurudumu yake manne yote yaguse chini, ajue kusimama kabla hajajua kuruka. Aliyekwisha kuanza kuruka anahitaji mpira mnene chini ya kisigino, maana kisigino ndicho kinachobeba kishindo chote anaposhuka. Na vile vyeusi vya rafu ya juu? Vile vina wenyewe. Magurudumu mawili ya katikati ni madogo makusudi ili bomba lipite hapo mtu anapoteleza. Ganda ni gumu, kitambaa cha ndani chembamba, na lazima kiatu kibane, mguu ukigeuka kidogo nacho kigeuke kidogo vilevile. Mgeni akikivaa kile barabarani kinamlaza chini kabla hajafika kona.

"Hata hao mabingwa, wanajuaje kama kimebana sawasawa?" karani akauliza. Alikuwa bado anaangalia juu, maskini.

"Kinabana mpaka unataka kulia, halafu hulii. Ukipata kinachobana hivyo na hakikuumi popote, basi, hicho ndicho chako."

Neno hilo alilisema kila siku ya kazi, na wateja walikuwa wakilirudia huko uwanjani kama sheria.

Karani alikuwa anapigana na kamba za viatu vyake vya rafu ya chini, mlango ukasukumwa, akaingia Kipanga. Huyu alikuwa mdogo wake Dada Kipimo, baba mmoja mama mmoja, mpaka rangi wa magari, miaka thelathini na mitatu, kucha zake hazijawahi kutakata rangi ya fedha. Kipanga ni jina alilopewa na uwanja ulio nyuma ya duka, kwa jinsi alivyokuwa akishuka kutoka juu ya ukuta. Uwanja mzima ulikuwa unamzungumzia yeye wiki hiyo. Jumamosi walikuwa wanakuja watu wa kikosi kinachozunguka mji kwa mji kufanya maonyesho, kuchagua mtu mmoja. Mmoja tu! Kipanga alikuwa ameingoja siku hiyo tangu ndevu zilipoanza kuota.

"Shikamoo dada. Leo nimekuja kuvioa vile vyeusi."

"Marahaba. Wazazi wao wamekukubali?" Dada Kipimo akacheka, kisha akamtazama vizuri. "Mbona umekonda hivyo? Mkeo amegoma kupika?"

"Mazoezi, dada." Akainua chupa yake ya maji, akaimaliza akiwa amesimama, akaenda kuijaza tena kwenye bomba la nyuma. "Nipe namba moja chini ya vile vya mwisho."

"Vile vya mwisho vyenyewe nilikupunguzia."

"Na havijaniuma hata siku moja. Mguu wangu unataka kubanwa, sijui kwa nini unauonea huruma."

Dada Kipimo akafurahi, tusifiche. Miezi mitatu nyuma alikuwa amempunguzia namba, akatembea kifua mbele akiwaambia watu kwamba mdogo wake ana miguu iliyoumbwa kwa kazi hiyo. Akapanda ngazi, akashusha boksi, akachomoa karatasi iliyosokotwa ndani ya kiatu cha kushoto, ile wanayojaza kiwandani ili kiatu kisipoteze umbo. Kabla hajafika cha kulia, karani akapiga yowe.

"Dada! Kidole changu kimenaswa!"

Akamkimbilia. Kumbe kidole hakijanaswa popote, ni ulimi wa kiatu umejikunja. Alipomaliza kumnyoosha, Kipanga alikuwa amekwisha kuvaa vyote viwili, amefunga kamba, amekaza vibano, anazunguka katikati ya duka kinyumenyume.

Kulikuwa na bomba fupi la majaribio sakafuni, limefungwa kwenye mbao mbili. Kipanga akalirukia, akateleza nalo mpaka mwisho, akashuka bila kuyumba. Akapanda kwenye sanduku, akaruka. Akarudia. Karani akaacha kamba zake zikining'inia.

"Vipi?" dada yake akauliza.

"Kama nimezaliwa navyo."

"Hakiumi popote?"

"Popote, dada. Popote kabisa."

Dada Kipimo akamgeukia karani. "Umeona? Hivyo ndivyo kinavyotakiwa." Karani akaondoka na pea yake ya wanaoanza, ameridhika, au amejifanya ameridhika.

Kipanga akavua, akajinyoosha kwenye benchi na chupa yake. Dada yake akachukua kiatu cha kulia ili akaze kitambaa cha ndani, kwa sababu vile vyeusi vina tabia ya kulegea pale mbele. Akaingiza mkono. Vidole vikagota kitu.

Akakivuta nje. Ilikuwa ile karatasi ya kiwandani, inayotoka ikiwa kubwa kama ngumi. Sasa ilikuwa imelala bapa kama nguo iliyopigwa pasi, na juu yake alama za vidole vya mguu, vitano, kimoja kimoja.

Kwanza alicheka. "Wewe mtundu wewe! Umenifanyia makusudi, si ndiyo? Ulitaka nione aibu mbele ya mteja."

Kipanga hakucheka. Aliitazama ile karatasi mkononi mwa dada yake kama mtu anayeulizwa swali la darasa asilosoma. Halafu ndipo akacheka, na alichelewa.

"Aa, ndiyo maana nikaona kimenishika vizuri."

"Ilikuwa ndani muda wote. Umeruka nayo."

"Basi nimeruka nayo, yamekwisha."

Hayakuwa yamekwisha. Baba yao alikuwa fundi cherehani, na alikuwa na sukari, na siku moja alikanyaga pedali ya cherehani tangu asubuhi mpaka jioni akiwa na sindano ndani ya unyayo. Binti yake wa miaka kumi na miwili ndiye aliyeona damu kwenye pedali. Baba akacheka, akasema, "Wala hainiumi, mama." Madaktari wakamkata vidole. Wakamkata kwenye kifundo. Wakamkata chini ya goti, na mwaka huo haukuisha wakamzika. Kipanga wakati huo alikuwa na miaka minne. Alichokumbuka ni magongo tu, kwa sababu alikuwa akiyachezea.

"Vua soksi."

"Dada, wateja wataingia."

"Waingie. Vua soksi nimesema."

Akazivua huku anasonya. Ya kulia iligoma kutoka penye kidole cha mwisho, akaivuta kwa nguvu, ikatoka na kipande cha ngozi. Hapo ubavuni mwa kidole palikuwa na kidonda cha ukubwa wa kifungo cha shati, kingo nyeupe, katikati pamechimbika. Kilikuwa kimeanza kunuka.

"Hiki cha lini?"

"Kipi?" akasema Kipanga.

Ee Mungu wangu, lile "kipi" ndilo lililommaliza. Hakuwa anaficha. Aliinama, akageuza mguu, akakiangalia kile kidonda kama mguu ni wa jirani.

Dada Kipimo akaketi sakafuni palepale. Alijua kimetoka wapi. Kilikuwa pale hasa ambapo ganda la viatu vya mwisho linakutana na kidole, vile alivyompunguzia namba kwa mikono yake mwenyewe. Miguu ya watu baki anaipapasa, anaiuliza maswali, wa kwao akampa kiatu kidogo kwa sababu alisema hakiumi, na yeye akampigia makofi.

"Ni mimi," akasema. "Ni mimi niliyekufanyia hivi. Inuka, twende hospitali wakupime sukari."

"Jumatatu."

"Sasa hivi."

"Dada, leo Alhamisi. Daktari akikiona hiki atanifunga bandeji, ataniambia nikalale. Mwaka ujao nina thelathini na nne. Nani atamchukua mzee wakati vijana wamejaa tele?"

"Na mguu je?"

"Mguu si huu hapa!" Akaupiga sakafuni kwa kishindo, na hilo nalo hakulikunjia uso. "Wewe mtu akinywa maji tu unamwona baba. Baba alikuwa mtu mzima amechoka. Mimi umeniona nikiruka sasa hivi, umeniona au hukuniona?"

"Nimekuona. Sikuuzii hivi viatu."

"Usiniuzie. Kuna duka ng'ambo ya barabara, na wale hawamwulizi mtu ameanza lini."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo alilokuwa akiliogopa. Angeweza kuyafungia maboksi yote, asingeweza kuifungia barabara. Kipanga alikuwa mbishi tangu tumboni. Ukimvuta kulia anakwenda kushoto, hata kama kushoto ni shimo. Dada yake akaanza kulia kwa hasira, akijifuta kwa mgongo wa mkono, akimtukana matusi madogo madogo ya nyumbani.

Machozi ndiyo yaliyomlegeza kidogo. "Basi, basi, dada. Sikiliza. Nafumba macho, wewe niguse vidoleni, popote utakapo, nikutajie. Nikikosa hata mara moja, twende huko hospitali. Nikipata zote, unanipa viatu, na hunisumbui mpaka Jumatatu."

"Apa."

"Haki ya Mungu. Kwa kaburi la baba."

Akafumba macho, akaweka miguu yote miwili juu ya kigoda cha vipimo. Alikuwa na uhakika, ungemwona! Mikono kaikunja kifuani, tabasamu hili hapa. Dada Kipimo akaanza na mguu wa kushoto. Akagusa kidole gumba.

"Gumba," akasema Kipanga.

Akagusa cha katikati.

"Cha katikati. Hii kazi rahisi."

Akagusa cha mwisho. Kipanga akachelewa, akakunja paji la uso, kisha akakitaja. Dada yake akajikuta anaomba apate vyote. Viatu avichukue, Jumamosi aende, achaguliwe azunguke dunia nzima, ilimradi apate vyote. Hakuwahi kuomba kushindwa kwa moyo wa namna ile.

"Haya, hamia mguu wa pili," akasema Kipanga.

Akahamia. Akagusa gumba la kulia. Kipanga akatulia, ametega. Akagusa tena, akaongeza nguvu. Akakishika kile kidole kwa vidole vyake viwili, akazamisha ukucha.

Nje kulikuwa na mtu anateleza kwenye ukingo wa saruji, akaanguka, wenzake wakamzomea. Kipanga akatabasamu kwa kelele zile. Alisubiri. Akakohoa.

"Dada," akasema, "mbona huanzi?"

Kipanga akafumbua macho.

Akauona mkono wa dada yake pale ulipo, na ukucha ulivyozama, na ngozi ilivyokuwa nyeupe kuuzunguka. Tabasamu halikuondoka mara moja, lilisahauliwa usoni. Akaangalia mguu, akamwangalia dada yake, akaangalia mguu.

"Umeshika tangu saa ngapi?"

"Tangu uliponiambia nihamie."

"Bonyeza zaidi."

Akabonyeza zaidi.

"Zaidi, dada. Usinionee huruma, bonyeza!"

Akabonyeza kwa uzito wake wote. Kipanga alikuwa ameinama, amekodolea kile kidole kwa macho yote, meno ameyauma, kama mtu anayemwita mwenzake aliye ndani ya nyumba iliyofungwa.

"Siwezi zaidi ya hapo," Dada Kipimo akasema. "Kidole kinaniuma mimi."

Kipanga akaushika mkono wake, akautoa taratibu. Alama ya ukucha ilibaki mguuni. Akaanza kutafuta kandambili zake chini ya benchi, akavaa ya kushoto. Ya kulia akaivaa huku anaitazama, ajue kama mguu umeingia.

"Funga duka," akasema, "unipeleke."